Spea ya Ulimi

Mjini Karatu nilijulikana kwa jambo moja: kuwazuia watu wasinunue vitu. Sifa hiyo sikuitafuta. Nilikuwa mwalimu mstaafu wa historia, mzaliwa wa Marangu, nikiuza madaftari, wino na rula katika duka dogo lililotazamana na kituo cha mafuta, na mtu yeyote aliyekuwa na hela mfukoni na shaka moyoni alipita kwangu kwanza. Nilikuwa nimewazuia watu wasinunue mashine ya kutotoa vifaranga isiyo na kipimajoto, mbuzi wa kisasa waliokuwa wanakohoa, na ensaiklopidia yenye juzuu zote isipokuwa ya kwanza. Walionisikiliza hawakupata faida yoyote. Hasara pia hawakupata, na nimeona watu wakijengewa minara kwa mambo madogo kuliko hilo.

Kwa hiyo sikushangaa, asubuhi moja ya Mei mwaka 2005, Katarina alipoingia dukani na kitu kilichofungwa kwa khanga, akakilaza juu ya kaunta kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto mchanga. Nyuma yake aliingia mumewe, Tluway, akaniinamishia kichwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Clara. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Tumekuja na swali moja tu. Hiki tukinunue, au tusikinunue?"

Akafungua khanga. Ndani kulikuwa na kompyuta isiyo na kibodi: kioo kimoja cheusi kilichozungushiwa fremu ya plastiki, kizito kama jiwe la kusagia, na kalamu isiyo na wino iliyochomekwa ubavuni. Neno kishikwambi tulikuja kupewa na wataalamu wa lugha baadaye sana. Mwaka ule kifaa hicho hakikuwa na jina, na Katarina alikiita "hiki" tangu mwanzo hadi mwisho wa habari hii.

Mwenye kifaa alikuwa mtafiti wa fisi, mama wa Kiholanzi aliyeishi miaka kadhaa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na sasa alikuwa anarudi kwao. Alikuwa amewaazima wakijaribu hadi mwisho wa wiki.

"Anataka kiasi gani?" nikauliza.

"Ng'ombe mmoja."

"Anataka ng'ombe?"

"Anataka hela, Mwalimu. Lakini hela hiyo kwetu iko kwenye ng'ombe mmoja tu. Yule mweusi."

Nilimfahamu yule mweusi. Maziwa yake waliyanywa watoto wa Katarina, na yaliyobaki yalifika hadi kwenye chai yangu. Nikakitazama kioo kwa uadui zaidi.

Inafaa nieleze kwa nini watu wenye akili timamu walifikiria kubadilisha ng'ombe wa maziwa kwa kioo. Tluway alikuwa dereva na mwongoza watalii kwa miaka mingi, na alikuwa na sauti. Kiingereza chake alikiokota kwa wageni wenyewe, neno moja kwa Muaustralia, jingine kwa Mskoti, na alipokizungumza wageni waliacha kupiga picha ili wamsikilize. Baada ya Krismasi sauti hiyo ilianza kukwaruza. Madaktari wa Moshi walimkuta na uvimbe kooni, wakauondoa, wakayaokoa maisha yake. Uvimbe uliondoka na sauti. Kilichobaki kilikuwa pumzi, kama ya tairi linalopunguzwa upepo, na nayo haikufika upande wa pili wa kaunta. Tangu hapo, alipotaka kitu dukani kwangu alikichora. Siku moja alinichorea kufuli, na kwa kuitazama ile picha nilijua hata saizi ya ufunguo.

"Hiki kinafanya nini ambacho daftari halifanyi?" nikauliza.

Tluway akachomoa kalamu, akakwaruza kioo kwa muda mfupi, akanigeuzia. Ilikuwa ni mimi, nyuma ya kaunta yangu, nimeinunia dunia.

"Picha nzuri," nikasema. "Ungeweza kuichora pembeni mwa gazeti la jana."

Katarina akacheka. "Ndiyo maana tumekileta kwako. Ukikikubali wewe, Mwalimu, hata askofu atakikubali."

"Na bosi wenu?"

Kicheko kikakatika. "Bosi ndiye tunayemwendea sasa hivi. Twende wote, tafadhali."

Kampuni aliyoifanyia kazi Tluway ilikuwa ya Ndeshi, mwanamke wa Machame aliyeanza na Landrova moja mbovu na sasa alikuwa na uwanja mzima wa Landrova, chache kati yake zikiwa mbovu. Tulimkuta akikagua matairi. Alikitazama kile kioo, akanitazama mimi, akajifuta mikono.

"Mwalimu, mimi siuzi ukimya," alisema. "Mgeni analipa aone, na analipa aambiwe anachokiona. Ukimya anao wa kutosha kwao." Kisha akamgeukia Tluway, na sauti ikashuka. "Baba Clara, wewe ni ndugu yangu. Sikufukuzi. Lakini msimu unaanza Juni, na nisipoona namna nyingine, utahamia kwenye lori la vyakula vya kambi."

Tluway alitazama chini. Lori la vyakula lilikuwa kazi halali, yenye mshahara. Lilipita ukingoni mwa kreta kila wiki likielekea Serengeti, na halikuwahi kushuka ndani yake hata siku moja.

"Mpe safari moja, Mama Evelyn," Katarina akasema. "Moja tu, na hiki. Uone."

Ndeshi akafikiri huku akilipiga teke tairi lisilo na kosa.

"Keshokutwa nina Waayalandi watatu," alisema hatimaye. "Mume, mke, na mama yake mke. Yule bibi ana kifaa cha kusikilizia, lakini amekizima tangu Arusha, anasema kinampigia filimbi sikioni. Hasikii chochote. Nawapeni hao. Mambo yakiharibika, theluthi ya wageni haitajua."

"Asante, Mama Evelyn," Katarina akasema.

"Sijamaliza. Gari langu haliteremki kreta bila spea ya tairi, na hili halitateremka bila spea ya ulimi. Mwalimu, utakwenda wewe."

"Mimi najua historia," nikamwambia. "Wanyama siwajui."

"Utawasomea anachoandika. Kusoma unajua?"

"Nimewahi kujaribu."

"Basi. Saa kumi na moja alfajiri, hapa."

Nilikubali kwa sababu ambayo sikumficha mtu. Nilitaka kumwokoa yule ng'ombe. Katika stoo yangu vilikuwamo vibao vidogo vya chaki, vya aina ile waliyoandikia watoto kabla madaftari hayajashuka bei. Kibao hakili umeme. Hakina lugha ya kigeni. Bei yake haikufikia hata ukwato mmoja wa yule mweusi. Nilimwonyesha Katarina kimoja, nikapendekeza vyote viwili viende kreta, kibao na kioo, vishindane mbele ya mashahidi.

"Kibao kikishinda," Katarina alisema, na niliona jinsi alivyotamani kishinde, "nitakuletea maziwa mwezi mzima bure."

Siku ya safari tulipita langoni wakati ukungu ungali umeukumbatia msitu wa ukingoni, kiasi kwamba nyati waliosimama kando ya barabara walionekana miguu tu. Yule bibi wa Kiayalandi alikuwa amejifunika shuka jekundu la Kimasai alilolinunua Mto wa Mbu. Alikaa nyuma ya Tluway, akimtikisia kichwa cha kukubali kila mtu aliyefungua mdomo. Alikuwa amekitikisa hivyo tangu Arusha, binti yake aliniambia, bila kusikia neno hata moja, kwa sababu alilelewa vizuri.

Kabla ya kuteremka Tluway alisimamisha gari, akatoa darubini, akaitazama sakafu ya kreta kwa muda mrefu. Alisita mahali fulani upande wa msitu wa Lerai. Akarudia mahali hapo hapo. Kisha akaiweka darubini, akawasha gari, asieleze kitu.

Madereva wa kreta wana sheria yao, ambayo haikuandikwa popote na haivunjwi na yeyote. Kila habari ina deni. Ukiambiwa simba walipo, nawe useme chui ulimwona wapi. Anayepokea bila kutoa hukuta madirisha ya wenzake yamefungwa. Habari hupita kwenye redio ya upepo, au gari kwa gari, dirisha kwa dirisha. Hutolewa kwa majina ya siri, kwa kuwa wageni wa siku hizi wameshajifunza kwamba faru ni faru, na mgeni aliyeahidiwa faru akamkosa hukunja uso hadi uwanja wa ndege. Mwaka ule faru aliitwa Mkaguzi. Tluway hakuwa na sauti ya redio. Mimi nilikuwa na sauti, lakini sikujua jina la kijia hata kimoja. Palibaki dirisha.

Gari la kwanza kusimama ubavuni mwetu lilikuwa la Mathias, kijana wa Arusha mwenye miwani ya jua hata kwenye ukungu, ingawa wakati huo ukungu ulikuwa umeshapanda na jua lilikuwa limetoka lote.

"Baba Clara! Wamekurudisha!" alipaza sauti. "Na huyu mzee ndiye spika yako? Shikamoo, Mwalimu. Sauti ni yako mwenyewe au ya kukodi?"

"Marahaba. Ya kuazima, hadi jioni."

"Haya, simba wapo mto Munge, jike na watoto. Mkaguzi je?"

Tluway akakiinua kile kioo, akachora upesi: barabara, msitu, kichaka, mnyama. Akakinyoosha dirishani. Mathias akainamia, akavua miwani, akasogea zaidi.

"Naona sura yangu tu," alisema. "Na sijanyoa."

Ilikuwa kweli. Chini ya jua la kreta kioo kile kilikuwa kioo na si kitu kingine. Nilimpa Tluway kibao na kipande cha chaki. Akachora upya, na Mathias akasoma mara moja.

"Ahaa. Kulia kwa njia ya Lerai, nyuma ya kichaka, amelala. Asante, Baba Clara. Hicho kibao ni cha darasa la kwanza au la pili?"

Akaondoka kwa vumbi. Niliuandika ushindi huo moyoni nisiutangaze, na nikaanza kuifikiria chai yangu ya mwezi mzima.

Mto Munge tuliwakuta simba. Kibao kikaendelea kufanya kazi nzuri. Tluway alichora jike lililolala, wenzake pembeni, na mishale mitatu: huyu mama, huyu dada yake, na hawa watoto ni wa dada, ila wananyonya kwa yeyote. Niliwasomea maelezo machache aliyoyaandika pembeni. Mume akapiga picha, mke akasema asante. Kibao kikapita hadi kwa yule bibi, naye akakishika kwa mikono miwili, akamtazama simba, akakitazama kibao, akamtazama simba tena. Kwa mara ya kwanza hakutikisa kichwa.

Kisha bweha akatokea nyuma ya simba. Tluway akanyoosha mkono apewe kibao, akaanza kukifuta kwa kiganja.

Yule bibi alipiga kelele. Hakujua ukubwa wa sauti yake mwenyewe, na simba jike aliinua kichwa. Bibi akakinyakua kibao, akakikumbatia kifuani, chaki kiasi ikahamia kwenye koti lake.

"Mnisamehe," binti yake alisema kwa aibu. "Alikuwa hajamaliza kukitazama."

Bibi alikitazama kibao chake, ambacho sasa kilikuwa na nusu ya simba. Tluway alikuwa na chaki mkononi na hana pa kuchora. Nilikuwa nimeleta kibao kimoja. Nilijaribu kufikiri kama kuleta stoo nzima kungesaidia, nikaona kwamba hakungesaidia. Siku moja ya kreta ina mambo mengi kuliko vibao vyote vya wilaya.

Tluway akakichukua kioo tena. Alichora kitu, akakigeuzia nyuma, na bibi akaona alichokiona Mathias, yaani uso wake mwenyewe. Alikigeuza huku na huku. Akakiwekea kivuli kwa kofia, haikutosha. Basi akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu wa umri wake. Alivua shuka lake jekundu, akalitupa juu ya kichwa chake, juu ya kiti cha mbele, na juu ya kichwa cha Tluway, kama walivyojifunika zamani wapiga picha wa studio. Chini ya shuka nikaona mwanga hafifu ukiwaka. Nikasikia pia kitu ambacho hakuna mtu wa Karatu aliyekisikia tangu Krismasi. Tluway alikuwa anacheka. Kilikuwa kicheko cha upepo mtupu, lakini kilikuwa kicheko.

Binti akaingia. Mume naye akaingia, akilalamika kidogo. Nilibaki nje peke yangu na simba.

Redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Mathias, kutoka mahali fulani ng'ambo ya mto. "Baba Clara, Baba Clara. Naona gari lako limefunikwa shuka. Mna maiti?"

Nikakishika kipaza sauti cha redio kwa mara ya kwanza maishani mwangu. "Hatuna. Wanasoma."

"Wanasoma nini?"

"Bweha."

Redio ikakaa kimya kwa heshima.

Kuanzia hapo siku ilikwenda kwa utaratibu huo. Tluway alisimamisha gari, shuka likapanda, kalamu ikakwaruza, shuka likashuka, na wageni wakatazama nje kama watu waliokwisha kuambiwa siri. Hakuna kilichofutwa. Alipotaka kuwakumbusha simba wa asubuhi alirudi kwenye ukurasa wa simba. Kwenye kituo cha chakula cha Ngoitokitok, mwewe alipomnyang'anya mume kipaja cha kuku mkononi, Tluway alikichora kipaja kikienda mbinguni na mwenye nacho akikiaga, na hata mume akaomba kukiona mara ya pili. Hapo hapo betri ikaisha. Kukichaji kulihitaji waya wa tundu la kiberiti cha gari, na tundu hilo halikutoa kitu injini ikiwa imezimwa. Kwa hiyo tulilazimika kuzunguka ziwa Magadi bila sababu, ili kioo kishibe. Niliandika hilo pia moyoni, upande wa makosa.

Alasiri tukamfikia Mkaguzi. Magari mengi yalikuwa yamepanga foleni kando ya njia ya Lerai, kwa sababu kuacha barabara ni marufuku, na faru alikuwa amelala mbali kabisa ndani ya nyasi. Kwa macho matupu alikuwa jiwe la kijivu. Kwa darubini alikuwa jiwe kubwa zaidi. Wageni wa magari mengine walimpa muda wao, wakauchukua tena, wakaondoka mmoja mmoja. Mathias alipopita alitukunjulia mikono: ndiyo hivyo.

Shuka likapanda. Safari hii nami nilialikwa chini yake, kwa kazi yangu ya kusoma. Hakukuwa na cha kusoma.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na faru mdogo akimfuata mama yake, sikio la kushoto likiwa na pengo. Ukurasa wa pili pengo lilikuwepo, mama hakuwepo. Halafu pembe ndefu, na nyuma ya yule mwenye pengo akitembea ndama wake mwenyewe. Halafu fisi, wengi, na faru aliyechorwa mara nyingi mahali pamoja, akigeukageuka. Kwenye ukurasa uliofuata alikuwa peke yake tena. Tluway hakuharakisha. Alimjua mnyama huyo tangu alipoanza kazi, na kabla ya ugonjwa alikuwa amewahi kunisimulia habari hiyo kwa mdomo, kaunta ikiwa kati yetu. Nakumbuka nilimsikiliza huku nikipanga penseli.

Mwishoni akachora kile tulichokuwa tunakitazama: jiwe la kijivu ndani ya nyasi. Na ubavuni mwa jiwe, kwa mstari mwembamba sana, kitu kidogo.

Nilikumbuka ile darubini ya asubuhi. "Una uhakika?" nikamnong'oneza.

Akautikisa mkono wake kushoto na kulia. Hakuwa na uhakika.

Kisha akaandika neno moja la Kiingereza, na huo ukawa usomaji wangu wote wa alasiri ile. "Subirini," niliwatafsiria watu ambao hawakuhitaji tafsiri.

Tulisubiri. Foleni iliisha, tukabaki peke yetu. Kivuli cha ukingo wa kreta kilianza kuteremka mlimani na nikaanza kuwaza muda wa lango. Bibi alikuwa amesimama kwenye kiti chake, kichwa nje ya paa, darubini machoni, na hakuna mtu aliyeweza kumwambia aketi kwa kuwa asingesikia.

Faru akaamka. Alisimama kwa awamu mbili, kama mzee anayetoka kitandani, akajikung'uta, akapiga hatua chache kuelekea msituni. Nyuma yake nyasi zikatikisika. Yeye akasimama, nazo zikatulia. Akatembea, zikatikisika tena, kimo cha goti, moja kwa moja nyuma ya miguu yake, hadi migunga ilipowafunika wote wawili. Yaani yeye, na zile nyasi.

Nilifundisha historia maisha yangu yote na ninajua tofauti kati ya ushahidi na matumaini. Niliona nyasi zikitikisika. Siwezi kuapa zaidi ya hapo. Bibi yeye aliapa, kwa lugha yake, na kwa sauti iliyowaamsha ndege, kisha akainama akamkamata Tluway mabega yote mawili kutoka nyuma, akayatikisa.

Kwa sheria ya madereva Tluway alikuwa na deni bado: habari hiyo itolewe. Alikichukua kibao cha chaki kilichokuwa miguuni mwa bibi, akaomba ruhusa kwa macho, na bibi akamruhusu afute ile nusu ya simba. Akachora faru, na nyuma yake faru mdogo, na pembeni alama kubwa ya kuuliza. Njiani tukielekea kupanda ukingo, kila gari tulilopishana nalo alilisimamishia kibao dirishani. Mathias alikisoma mara mbili.

"Ndama? Mungu wangu. Baba Clara, una hakika?"

Mkono, kushoto na kulia.

"Kesho saa kumi na mbili nipo hapa," Mathias akasema. Hakuongeza utani wowote.

Ndeshi alikuwa anatungoja uwanjani Karatu, mikono kiunoni, na Katarina alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu karibu na geti. Wageni waliteremka. Binti alizungumza na Ndeshi kwa muda. Bibi aliongeza mambo yake kwa sauti ya mnadani, akimwonyesha Tluway kwa kidole. Walipokwisha kuondoka kwenda kuoga, Ndeshi alinijia.

"Wanataka michoro yote itumwe kwao kwa intaneti. Na kesho walikuwa waende Mang'ola na dereva mwingine. Bibi amekataa. Anamtaka huyu."

"Nimemsikia," nikasema. "Nadhani Manyara nao wamemsikia."

"Hakuna aliyelalamika?"

"Mume. Anasema shuka linanuka."

Ndeshi alimtazama Tluway, aliyekuwa anafuta vumbi kwenye kioo kwa mkono wa shati. "Mimi siuzi ukimya," alirudia, taratibu, kama anayehesabu upya. "Lakini hawa wameununua, na wanataka mwingine kesho. Haya, Baba Clara. Juni unaanza. Shuka nitakupa safi." Kisha akaniambia: "Na hicho kibao cha madirishani ni cha kampuni kuanzia leo. Niletee risiti."

Tluway alikaa kwenye ngazi ya gari, akaufunika uso kwa viganja. Katarina alikuwa ameinuka. Hakumwendea mumewe kwanza, alinijia mimi.

"Mwalimu. Tukinunue?"

Nilimpa jibu nililokuwa nimelikusanya siku nzima. Kioo hicho hakionekani juani, na kreta ni jua. Betri yake haifiki mchana. Vumbi litaingia kwenye kila tundu lake. Siku kitakapoanguka, hakuna fundi wa kukitengeneza Karatu, wala Arusha, na pengine Nairobi nako hayupo. Kalamu ikipotea, kilichobaki ni sinia. Kibao changu kilikishinda mara moja waziwazi, mbele ya shahidi asiyenyoa.

Katarina alikuwa anainamisha kichwa kidogo kidogo. "Kwa hiyo hapana."

"Sijamaliza. Kinunueni."

"Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu kibao kilipofutwa yule bibi alipiga kelele, nami sikuwa na kibao kingine."

Alikuwa mtu wa hesabu kuliko mumewe na mimi. "Watoto watakunywa chai ya rangi," alisema.

"Watakunywa. Mimi pia."

Siku ya mnada nilimwona akipita mbele ya duka na yule mweusi, kamba mkononi, akitembea haraka ili asibadili nia. Ng'ombe hakuwa na kengele yake. Katarina alikuwa ameivua nyumbani, na nilipomuuliza baadaye alisema mnunuzi amenunua ng'ombe, kengele haikuwemo kwenye maneno yao.

Msimu ule Tluway alishuka kreta karibu kila juma. Kioo kilipata ufa kwenye pembe mwezi wa Agosti, na kikaendelea. Kuhusu ndama, Mathias alimwona kwa macho yake wiki chache baada ya safari yetu, akatangaza redioni kwamba Mkaguzi ana msaidizi.

Oktoba, mchana wa jua kali, Tluway aliingia dukani kwangu na shuka jekundu begani. Nilimuuliza anataka nini. Akachora, akanigeuzia, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi niliona mwalimu mstaafu anayehitaji kunyoa. Akanipa shuka. Nilitazama barabarani kama kuna mtu anayeniona, nikajifunika.

Alikuwa amechora ng'ombe.

"Duka langu haliuzi ng'ombe," nikamwambia kutoka humo ndani.

Kalamu ikaingia chini ya shuka, ikashuka hadi shingoni mwa yule ng'ombe, na kwa mistari michache ikamvisha kengele.